Bariere ya Mvua kwenye Njia ya Nyunzu

Siku tuliyoondoa matanga ya mama yangu, bibi mmoja wa upande wa baba alikaa kwenye mkeka wetu, akala bukari yetu na samaki wetu, akanawa mikono, kisha akamwambia jirani yake kwa sauti iliyofika mpaka barazani: "Marehemu tumusamehe tu. Lakini yeye njo alituiba mutoto wetu, tena katikati ya barabara, muchana kweupe." Mtoto anayesemwa ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika sinia la bilauri, mwanamke mzima mwenye mvi na wajukuu, nazungumzwa kama mbuzi aliyekata kamba.

Nilinyamaza, kwa kuwa siku ya kuondoa matanga si siku ya kelele. Ila jioni hiyo hiyo mvua ikapiga Kalemie, mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na harufu ya udongo mwekundu uliolowa ikaingia dirishani pamoja na moshi wa lori lililokuwa likipanda mlima. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu ile. Mimi inanirudisha kwenye njia ya Nyunzu. Hasira niliyokuwa nimeimeza mchana ikanirudi, nikalala nayo, nikaamka nayo, na leo naitema. Sikuibwa. Nitaeleza ilivyokuwa, na aibu yangu sitaificha, maana na mimi ninayo humu, tena si kidogo.

Mama alikuwa Mtabwa wa huko Mpala, mtoto wa misheni, anayejua kuimba Kilatini bila kujua maana yake. Baba alikuwa Mluba kutoka Nyunzu, aliyefuata kazi ya reli mpaka Kalemie akakuta mwanamke na ziwa, akabaki. Sasa, kwa Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kusema neno la mwisho juu yake ni mjomba. Kwa Waluba mtoto ni wa baba, hata baba akiwa kaburini. Baba alipokuwa hai jambo hilo lilikuwa mchezo wa mezani. Yeye alikuwa akiniita, "Muluba wangu, niletee maji," na mama akidakia, "Mutabwa wangu, usimuletee, ana miguu." Nami nacheka katikati yao. Niliona raha sana kugombaniwa.

Baba aliugua kifua miaka miwili. Mama alimwogesha, alimlisha, alimgeuza ubavu kwa ubavu, na mwisho alimfumba macho. Matanga yalipokwisha akaja mdogo wake baba, Baba Mdogo, na kamioneti yake ya bluu yenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Alikaa ndani na mjomba wangu, kaka yake mama, asubuhi nzima, mlango umefungwa. Walipotoka mjomba hakumtazama mama usoni. Alisema tu, "Nimekubali. Aende kwa baba zake." Mjomba alikuwa na watoto tisa, na aliogopa ugomvi na watu wa marehemu. Simtetei. Nasema jinsi nilivyomjua.

Mama aliomba jambo moja: anipeleke mwenyewe, anikabidhi kwa mkono wake, kisha arudi Kalemie peke yake. Wakakubali, kwa kuwa hata kwao ingeonekana vibaya kumkatalia. Hayo yote wakubwa waliyajua. Mimi, mwenye miaka minane, niliambiwa hivi: "Tunakwenda Nyunzu." Basi nikaelewa tunahama, mimi na mama, tunakwenda kukaa kwenye nyumba kubwa ya matofali aliyotusimulia baba, yenye njiwa darini. Nikawaaga wenzangu mtaani kwa maringo. Nikagawa mpaka kamba yangu ya kuruka.

Alfajiri ya safari Baba Mdogo akanifungulia mlango wa mbele. "Huku mbele ni kwako, binti," akasema. Mama akapanda nyuma, juu ya magunia ya chumvi, na kikwembe chake cheusi cha msiba na kapu la mikebuka mikavu, samaki wa ziwani, maana huendi ukweni mikono mitupu, hata unapokwenda kunyang'anywa. Hilo la kunyang'anywa nalisema mimi wa leo. Mimi wa siku ile niliona kitu kimoja tu: niko mbele, mama yuko nyuma, na mama amenuna. Nikajiambia, ana wivu na kiti changu.

Siku hizi vijana wanaipenda sana barabara ile. Mjukuu wangu ananionyesha picha kwenye simu: madaraja ya mbao, mto Lukuga unavyong'aa chini, reli ya zamani inayokwenda sambamba na njia kisha inajificha msituni. "Koko, ona, barabara ya kihistoria!" Ya kihistoria, ndiyo. Misafara ilipita hapo na pembe na watu waliofungwa shingo. Baadaye babu zetu wakailima kwa majembe, na msimamizi nyuma yao ana fimbo. Picha haionyeshi hayo, lakini nakiri kwamba ni nzuri. Hata siku ile ilikuwa nzuri, tena nzuri ya kuumiza.

Kwa maana Baba Mdogo alijua kusimulia. Alikuwa mwembamba, ana pengo la meno kama baba, na alipocheka nilisahau kwamba si baba. Kila kijiji alipunguza mwendo. "Hapa baba yako alianguka na baiskeli, akavunja mayai sitini ya padri." "Pale, unaona gare ile ndogo? Pale njo alijifunza kupiga telegrafu." "Daraja hili babu yako alibeba mawe yake kichwani. Ukipita, useme ahsante." Nami nilisema ahsante kwa daraja, kwa sauti, na yeye akapiga honi. Nilikuwa nimemlilia baba wiki nyingi, na sasa baba alikuwa ametapakaa njia nzima, kila kona kipande chake.

Vijiji vile ni vya reli. Kila kimoja kina gare yake, yaani stesheni, yenye bati jekundu, kanisa, soko la meza tano, na watu wanaojua kila gari linalopita ni la nani. Baba Mdogo alisimama, watu wakaja dirishani. "Huyu njo mutoto wa kaka?" "Njo huyu." "Mawee! Sura yote ya baba yake!" Mama mmoja akanipa muwa. Mwingine akanipa karanga za kuchemsha katika jani la mgomba. Kwenye kijiji cha Niemba wakanipa chupa ya asali na kifaranga, kifaranga nikakataa kwa kuogopa, wakacheka. Hakuna aliyempa mama kitu huko nyuma. Walimsalimia kwa heshima, "Pole, Mama, pole na msiba," kisha wakarudi dirishani kwangu. Nilijaa sifa mpaka masikioni.

Ndipo Baba Mdogo akaleta utani wake. Nilimwuliza kwa nini mama hakai hapa mbele na sisi, nafasi ipo. Akatabasamu na lile pengo. "Aa, kiti hiki ni cha watu wa kwetu. Watabwa ni watu wa maji, wao wanakaa nyuma na samaki." Ni utani tu. Makabila yetu yanataniana hivyo sokoni na kanisani, na mama mwenyewe angemjibu maneno makali zaidi wakacheka wote. Lakini mama hakuwepo kumjibu. Nami niliyachukua maneno yale jinsi yalivyo, nikayaweka mfukoni.

Mvua ilitukuta baada ya kupita kijiji kimoja chenye bariere. Nieleze kidogo, maana wajukuu hawajui. Barabara ya udongo ikilowa, gari moja tu linatosha kuiharibu. Kwa hiyo vijiji vilipewa kila kimoja kipande chake cha njia, na mwanzo wa kila kipande pana mti mrefu uliolazwa juu ya panda mbili. Mvua ikinyesha, mti unashushwa. Mvua ikikatika, unangoja muda wa saa nne barabara ikauke, ndipo mti unainuliwa. Haijalishi wewe ni mfanyabiashara au mkubwa wa serikali. Gari linangoja. Wa miguu hazuiwi, anainama anapita.

Tulipofika bariere iliyofuata mti ulikuwa chini tayari na mlinzi wake amejifunika gunia. Na nyuma yetu, ile tuliyoipita, nayo bila shaka ilishashushwa. Tukawa tumefungiwa katikati. Baba Mdogo akazima injini, akacheka, akasema hapa tutalala usingizi mzuri. Mvua ikamwagika kama gudulia lililopasuka. Ndani ya gari palikuwa na joto, nikatafuna muwa wangu, nikachora kidole kwenye kioo chenye mvuke. Nyuma mama alikuwa na kipande cha shiti ya plastiki, akafunika nacho magunia ya chumvi ya shemeji yake, chumvi isiyeyuke. Mwili wake akauacha.

Mvua ilipopungua akashuka, akaja dirishani kwangu. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Nilishusha kioo kidogo tu, kiasi cha vidole vitatu.

"Umekula?" akaniuliza.

Wenzangu, nimezaa, nimezika, nimepita vita, lakini jibu nililompa mama siku ile ndilo linaloniamsha mpaka leo. Nilimwambia, "Rudi nyuma, mama. Baba mudogo amesema kiti hiki ni cha watu wa kwetu."

Mama alinitazama kama anayesoma barua ndefu. Kisha akavuta mlango, ule wa rangi nyingine, akanishika mkono akanitoa nje kwenye matope na viatu vyangu vyeupe.

"Shemeji, kuna nini?" Baba Mdogo akatoka upande wake.

"Tunarudi Kalemie."

"Kwa gari gani? Njia imefungwa."

"Miguu haijafungwa."

Baba Mdogo akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akaja mbele yake. Mlinzi wa bariere akavua gunia kichwani ili asikie vizuri.

"Shemeji, sikia," mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Nimekaa huko nyuma tangu Kalemie, sikusema neno. Mvua imenipiga, sikusema neno. Kaka yangu amekubali, nikameza. Lakini mutoto wangu ananifukuza mulangoni na maneno yako kinywani mwake, na hata Nyunzu hatujafika. Mwaka kesho atanijua kweli?"

"Haki ya Mungu, ulikuwa muchezo tu!"

"Najua ulikuwa muchezo. Njo maana naogopa."

"Mujomba wake alikubali! Kwa kwenu neno la mujomba njo la mwisho, ama nilidanganywa?"

"Hukudanganywa. Ni la mwisho. Na leo naliruka."

"Utamuambia nini?"

"Nitamuambia nimeliruka."

Baba Mdogo akabadili njia. Akasema kwao mtoto ni wa baba, na kaka yake ameacha sura moja tu duniani, na sura hiyo ni hii. Alikuwa analia sasa, machozi ya kweli, wala simcheki. Mama akamwacha amalize.

"Ni yote kweli," akasema. "Nami nilimuogesha kaka yako miaka miwili. Ulikuja mara ngapi, shemeji?"

Mama akaniinua, mimi mwenye miguu mirefu inayoburuzika, akanitupa mgongoni kama mtoto mchanga na kunifunga na kikwembe kile cheusi. Kapu la mikebuka hakulichukua. Samaki wale waliwafikia Nyunzu, na bibi yule wa matanga bila shaka alikula.

Nilipiga mayowe. Nilimpiga mabega. Mkono wake ulipopita karibu na mdomo wangu nikaung'ata, nikang'ata kwa nguvu zangu zote, mpaka nikasikia ladha ya damu. Alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Kovu lile alikufa nalo, chini ya kidole gumba. Watu walipomwuliza alisema ni kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo.

Kutoka bariere ile mpaka ile ya nyuma ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiyebeba mtoto na asiyekanyaga utelezi. Njia ile ile niliyoipita asubuhi kama bibi arusi, sasa naipita mgongoni, nikiwa na makamasi na matope. Kwenye kijiji cha katikati, mama yule aliyenipa muwa akatoka mlangoni. "Mama, kuna nini? Gari limeharibika?"

"Gari ni zima," mama akamjibu bila kusimama. "Na miye ni muzima. Tunakwenda nyumbani."

Nilipochoka kupiga nikaanza maneno. Nilimwambia namchukia. Nilimwambia Baba Mdogo ni mzuri kuliko yeye. Nilimwambia ingekuwa heri angekufa yeye, baba akabaki. Hapo niliogopa, nilijua nimepita mpaka. Mama alinishusha, akanyoosha mgongo, akajifunga kikwembe upya.

"Sema yote, mutoto," akasema. "Barabara ni ndefu."

Tukatembea, yeye mbele kidogo ananishika mkono, mimi navutwa. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka Lukuga, ndege wamerudi kupiga kelele, na udongo unanuka harufu ile niliyowaambia. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kufa. Na wakati huo huo niliona visigino vyake vimepasuka na vinatoka damu, nikaona huruma, na huruma ile ikaniongezea hasira.

Kabla sijafika mwisho niseme jambo moja kwa wale wanaosema niliibwa. Tulifika Kalemie siku ya tatu, nusu ya njia juu ya baiskeli ya mtu wa makaa. Mjomba hakusema na mama kwa miaka mingi, hata Noeli. Mama hakumwomba msamaha, kwa sababu hakujuta. Na likizo ya kwanza ya shule ilipofika, ni mama huyo huyo aliyenipandisha treni, akanipeleka Nyunzu, akanikalisha wiki mbili kwenye nyumba ya matofali, akaja kunichukua. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka nilipoolewa. Mwizi gani anarudisha kila likizo? Bibi yule alikuwepo, alinisuka nywele kwa mikono yake. Amesahau anavyotaka.

Turudi barabarani. Bariere ya nyuma ilikuwa imeshushwa kweli, na mlinzi wake alikuwa mwanamke. Mume wake alikuwa kantonye, mtu wa kutunza njia, na alipokufa mke akachukua jembe na kazi. Alikuwa mnene, amekaa kwenye kigoda kando ya mti wake, anamenya mihogo na wanawake wengine wawili wanaouza mkaa. Alitutazama kuanzia miguuni.

"Munatoka wapi na matope yote hayo?"

Mama hajajibu, tukasikia honi. Kamioneti ya bluu ilikuwa inakuja nyuma yetu, inateleza huku na huku, matope mpaka kwenye kioo. Baba Mdogo alikuwa amegeuza gari, akakwama njiani mara nyingi. Kipande kile cha njia alikiharibu chote siku ile. Akasimama hatua kumi kutoka kwetu, akashuka na viatu vyake vya safari, akazama mpaka kwenye vifundo.

"Mama, inua mti," akamwambia mlinzi. "Nina haraka. Hawa wakipita chini yake, nitawafuata na nini?"

"Saa nne baada ya mvua."

"Unajua miye ni nani?"

"Ni muntu mwenye gari. Saa nne." Akachukua muhogo mwingine. "Na barabara yangu umeilima kama shamba, tutaongea juu ya hiyo."

Wanawake wa mkaa wakacheka. Baba Mdogo hakucheka. Akanijia mimi. Nilimwona anakuja na mikono yake imefunguka, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, nisiseme uongo. Lakini mlinzi yule akasimama, kisu cha mihogo mkononi, si kwa kutisha, ni kwa kuwa alikuwa anamenya.

"Papa, hapa kwangu hakuna kumuvuta muntu. Ukimubeba kwa nguvu, hiyo gari italala hapa mpaka kiangazi."

"Na huyu? Yeye hakumubeba kwa nguvu?"

"Mimi?" mama akasema. "Nilimubeba. Ona." Akaonyesha mkono wake unaotoka damu. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea, na nadhani hata Baba Mdogo hakukitegemea. Akaniachia. Akainama chini ya mti, akapita upande wa pili peke yake, akasimama, akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Nilimubeba mpaka hapa ili achague na miye nikiwa nasikia," akasema. "Kalemie muliketi wanaume wawili, mulango umefungwa, mukachagua ninyi. Sasa mulango uko wazi. Muulize."

Nikabaki katikati. Mbele yangu mti, umefika kifuani kwangu, na nyuma yake mama. Nyuma yangu gari lenye kiti changu, asali yangu, na mtu mwenye pengo la baba.

Baba Mdogo akachuchumaa kwenye matope ili tulingane. "Binti yangu. Njiwa wanakungoja. Bibi amekupikia. Kuja, turudi."

Nilitaka kwenda. Mnisikie vizuri, nilitaka kwenda. Na kwa kuwa nilitaka, nikaanza kupanga mambo yangu kichwani: nitamwambia mama nimekosa, nitamwachia nusu ya kiti, tutabanana watatu.

"Na mama atakaa wapi?" nikauliza.

"Kwa gari? Atakaa mbele. Naapa. Atakaa mbele na weye."

"Na Nyunzu? Atalala chumba kimoja na miye?"

Baba Mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Angeweza kunidanganya. Mtoto wa miaka minane, jioni inakaribia, nani angemkatalia uongo mdogo? Hakunidanganya, na kwa hilo nilimpenda mpaka siku nilipomzika.

"Apana," akasema. "Mama yako alikuwa anakusindikiza tu. Ukifika, yeye anarudi Kalemie."

"Lini?"

"Kesho kutwa."

"Halafu anakuja tena?"

Baba Mdogo akatazama matope. Wanawake wa mkaa waliacha kumenya. Nikamgeukia mama.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani."

"Na hukuniambia!"

"Nilijaribu kila tuliposimama, mutoto wangu. Nilishindwa." Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu asubuhi, lakini mikono yake haikutoka nyuma ya mgongo. Hakuninyooshea hata kidole.

Baba Mdogo akaniita kwa jina langu, polepole, kama baba alivyokuwa akiniita. Nikamwambia, "Nisalimie bibi." Kisha nikainama. Maji ya mvua yaliyokuwa juu ya mti yakanidondokea shingoni, baridi. Nikapita, nikasimama upande wa pili karibu na mama, nikageuka nikamtazama Baba Mdogo machoni. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyenivuta. Nilikuwa na miaka minane, na nilijua ninachofanya.